Je, Laozi anamfundisha mnyonge anyamaze?

Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua yako kwa makini, na kabla ya kuijibu naifupisha kwa ajili ya wasomaji wengine.

Unafundisha sekondari. Umesoma tafsiri ya Kiingereza ya Daodejing, kile kitabu kidogo cha Laozi, mwanafikra wa kale wa China, ambacho wengi hukiandika Tao Te Ching, na kimekuacha njia panda. Umependa anavyosema juu ya maji, bonde na mtoto mchanga. Lakini habari ya "kutotenda" imekukaa vibaya, kwa sababu walimu wa shuleni kwenu mnadai malimbikizo yenu, na mwenzako alipokiona kitabu mezani akakwambia: "Hicho ndicho wakubwa wangependa tusome ili tukae kimya." Unauliza kama mwenzako anasema kweli, na kama hasemi kweli, uendelee kusoma nini, uanzie wapi.

Jibu langu ni kwamba mwenzako amekosea kuhusu kitabu, ila hofu yake ina msingi, tena ziko sura zinazompa nguvu. Sitazikwepa. Miaka yote niliyofundisha maandiko haya nimekuwa nikijiuliza swali moja kila ninapofungua sura: hapa anasemeshwa nani? Ukilishika swali hilo utaona kwamba anayeambiwa atulie, aache kupapia na kulazimisha, mara nyingi sana ni mwenye mamlaka. Mnyonge hutajwa kama mtu anayeumia pale mkubwa asipotulia.

Fikiria zama zenyewe. Maandiko haya yalikua katika Zama za Madola Yanayopigana, 475 hadi 221 KK. Ufalme wa Zhou ulikuwa umebaki jina, na madola makubwa saba yalikuwa yakimezana. Wakulima walitolewa mashambani wakapelekwa vitani, na waliobaki wakalipishwa kodi ya kuwalisha wale waliokwenda. Katika vita vya Changping, mwaka 260 KK, jeshi la Qin lililishinda jeshi la Zhao, na mwanahistoria Sima Qian ameandika kwamba mateka wapatao laki nne waliuawa. Wataalamu wa leo wanaitilia shaka hesabu hiyo, ila hakuna anayebisha kwamba yalikuwa mauaji makubwa. Sasa soma sura ya 30 ukiwa na hayo kichwani: jeshi linapopiga kambi humea miiba, na likishapita jeshi kubwa hufuata miaka ya njaa. Sura ya 31 inataka hata ushindi upokewe kwa taratibu za msiba, jemadari asimame upande wanaosimama wafiwa, kwa sababu watu wengi wamekufa.

Kisha nenda sura ya 53, na tafadhali msomee mwenzako kwa sauti. Ikulu imefagiliwa ikang'aa, mashamba yamejaa magugu, maghala ni matupu. Wakubwa wamevaa nguo za nakshi, wamejifunga panga kali viunoni, wameshiba chakula na vinywaji hadi wamekinai, na mali imewazidi. Halafu Laozi anaupa mwenendo huo jina: huu ni wizi wa kujigamba, haukaribiani na Dao, ile Njia anayoifundisha, hata kidogo. Sura ya 75 haizunguki: watu wana njaa kwa sababu walio juu yao wanakula kodi nyingi mno. Mtu aliyetaka kuwalaza watu usingizi asingeandika hivyo, na mtawala aliyesomewa maneno hayo barazani kwake hakubaki bila kujua anasemwa nani.

Sasa hiyo "kutotenda". Sura ya 57 inasema makatazo yakizidi watu huwa maskini zaidi, na sheria zikitangazwa kwa wingi wezi huongezeka. Kisha anaingia mwenye hekima akisema: sitendi, na watu wanabadilika wenyewe; napenda utulivu, na watu wananyooka wenyewe; sina shughuli, na watu wanatajirika wenyewe. Angalia ni nani anayesema "sitendi". Ni mtawala. Watu wenyewe wanatenda mchana kutwa: wanalima, wanafuma, wanajenga, wanajipanga. Sura ya 17 inawapanga watawala kwa daraja, na aliye juu kabisa ni yule ambaye watu wanajua tu kwamba yupo; anayependwa na kusifiwa ni wa pili, anayeogopwa wa tatu, anayedharauliwa wa mwisho. Kazi ikikamilika watu husema, tumeifanya sisi.

Hadi hapo ungedhani nimemaliza. Bado, kwa sababu kuna sura ya 3 na ya 65.

Sura ya 3 inasema mwenye hekima anapotawala hupunguza yaliyomo mioyoni mwa watu na kujaza matumbo yao, hudhoofisha nia zao na kuimarisha mifupa yao, na daima huwaacha bila maarifa na bila tamaa. Sura ya 65 inaongeza kwamba watu wa kale waliomudu Dao hawakuitumia kuwaelimisha watu. Waliitumia kuwaacha katika ujinga. Ukiwa mwalimu, maneno hayo lazima yakuchome, na yakikuchoma ujue umesoma vizuri.

Watetezi wa Laozi wana majibu. Wang Bi, yule kijana mwenye akili ya ajabu aliyekufa mwaka 249 kabla hajafikisha miaka 25 na kutuachia ufafanuzi unaosomwa mpaka leo, alisema ujinga unaotajwa hapo ni unyofu, yaani hali ya mtu asiyekuwa na hila. Wengine hukumbusha kwamba katika sura ya 20 msemaji mwenyewe anajiita mwenye moyo wa mjinga, na wala haoni aibu. Naziheshimu hoja hizo, lakini kwangu hazifiki mwisho wa safari. Mtu mwenye hekima anayechagua kuacha hila zake amechagua mwenyewe. Mkulima anayeamuliwa na mtu mwingine kwamba maarifa hayamfai, hakuchagua kitu. Tofauti hiyo ni kubwa, na kitabu hakiizibi. Nakushauri usiizibe wewe kwa niaba yake.

Historia inaonyesha kwamba hofu ya mwenzako si ya kuwaza tu. Han Fei, mwanafikra aliyekufa 233 KK na ambaye mawazo yake yaliusaidia sana utawala wa Qin, ana sura mbili katika kitabu chake za kumfafanua Laozi. Mtawala wake pia hatendi: anakaa kimya, hafichui anachopenda wala anachochukia, anawaacha maofisa wahangaike, na mkononi ameshika vitu viwili tu, thawabu na adhabu. Kutotenda kwa namna hiyo kunatisha. Maneno ni yaleyale, ila huruma imeondolewa.

Upande wa pili yuko Mfalme Wen wa Han, ukoo wa kifalme uliotawala China baada ya Qin; yeye alitawala 180 hadi 157 KK, wakati ambapo mafundisho yaliyounganishwa na Laozi yalikuwa na nguvu katika jumba la kifalme. Alipunguza kodi ya ardhi, na mwaka 167 KK alifuta adhabu za kukata watu viungo. Hapo maneno ya sura ya 75 yalimfikia mkulima kama nafuu ya kweli. Lakini mkewe Wen, Malkia Dou, ambaye alimpenda Laozi kiasi cha kuwalazimisha jamaa zake wote wamsome, alimuuliza siku moja msomi mmoja wa Kikonfusio, yaani mfuasi wa Confucius, mwanafikra mwingine wa kale, jina lake Yuan Gu, maoni yake kuhusu kitabu hicho. Yuan Gu akajibu kwamba ni maneno ya watumishi wa nyumbani. Malkia akaghadhibika, akaamuru atumbukizwe zizini apambane na nguruwe. Ni mwanawe, Mfalme Jing, aliyempenyezea msomi yule silaha kali, akamchoma nguruwe na kuokoka. Sima Qian ndiye aliyetuhifadhia kisa hiki, na mimi hukisimulia kila ninapofundisha, kwa sababu kinaonyesha wazi kwamba mtu anaweza kukipenda kitabu cha upole na asipungukiwe ukatili.

Ukipata nafasi, fuatilia pia habari za nakala zilizochimbuliwa. Mwaka 1973, huko Mawangdui katika mji wa Changsha, kaburi lililofungwa mwaka 168 KK lilitoa nakala mbili za Laozi zilizoandikwa juu ya hariri, na humo sehemu ya pili ya kitabu chetu ndiyo inayotangulia. Mwaka 1993, huko Guodian mkoani Hubei, zikapatikana sura kadhaa zilizoandikwa kwenye vipande vya mianzi, za kiasi cha mwaka 300 KK, takriban mbili ya tano ya kitabu tulichonacho. Katika sura ya 19 ya nakala tuliyoizoea, Laozi anataka utu na uadilifu vitupwe, maneno yaliyowaudhi sana wafuasi wa Confucius. Nakala ya Guodian haina shambulio hilo. Inataka vitupwe hila na udanganyifu. Kwa hiyo kitabu hiki kilipita mikononi mwa watu wengi waliokuwa wakibishana, na baadhi ya makali yake yaliongezwa katika mabishano hayo. Kisa cha Laozi kuwa mtunza nyaraka mzee aliyeondoka kuelekea magharibi, akaombwa na mlinzi wa mpaka aandike kabla ya kupotea, ni kitamu, lakini hata Sima Qian aliyekisimulia hakuwa na hakika Laozi alikuwa nani.

Mpaka hapa nimekujibu kuhusu wakubwa. Unahitaji pia kitabu kinachozungumza na mtu wa chini, na hicho ni Zhuangzi. Zhuang Zhou, ambaye naye huitwa Zhuangzi, aliishi karne ya nne KK, akashika kazi ndogo ya usimamizi katika bustani ya miti ya utomvu wa rangi, na inasimuliwa kwamba mfalme wa Chu alipomtumia ujumbe wa kumpa madaraka alikuwa akivua samaki, akakataa bila hata kuweka chini mshipi wake. Kitabu chenye jina lake kina sura 33. Saba za mwanzo huitwa za ndani, na ndizo wataalamu wengi huzihusisha zaidi na yeye mwenyewe.

Humo utakuta sura ya 5 imejaa watu waliokatwa mguu. Hiyo ilikuwa adhabu ya dola, ile ambayo Mfalme Wen alikuja kuigusa baadaye. Zhuangzi anawachukua watu hao waliotiwa alama ya aibu miilini mwao na kuwaweka mbele kama walimu. Mmoja ni Shentu Jia. Anasoma kwa mwalimu mmoja pamoja na Zichan, waziri mkuu wa dola la Zheng. Zichan anaona haya kuonekana naye, anamwambia: nikitoka mimi kwanza, wewe baki, ukitoka wewe, nitabaki mimi. Kesho yake wanajikuta tena ndani ya chumba kimoja, wamekaa mkeka mmoja. Zichan anarudia, na safari hii anaongeza: unamwona waziri mkuu na humpishi, kwani unajiona tuko sawa?

Shentu Jia hanyamazi. Anamuuliza kama ndani ya mlango wa mwalimu wao kuna kitu kinachoitwa waziri mkuu. Anamwambia kwamba wenye miguu miwili wamemcheka mara nyingi kwa huu mmoja, na hasira humpanda, lakini akifika kwa mwalimu hasira ile huisha. Amekuwa na mwalimu miaka 19, na mwalimu hajawahi kumwonyesha kwamba anajua ana mguu mmoja. "Wewe na mimi tunatafuta yaliyo ndani ya mwili," anamwambia, "na wewe unanipima kwa yaliyo nje yake. Hulioni kosa?" Zichan anageuka sura, anajirekebisha alivyokaa, na kusema: basi, usiseme zaidi.

Nimeirudia sehemu hiyo kila mara ninapohitaji kukumbuka utulivu wa Dao unavyofanana. Shentu Jia ana utulivu, na ndio unaomwezesha kusema neno lililonyooka mbele ya mkubwa bila kutetemeka na bila kutukana. Anasema mara moja tu, na panatosha.

Karibu na hapo, sura ya 3, yuko mpishi Ding anayepasua ng'ombe mbele ya bwana Wenhui. Watu wengi wanakinukuu kisa hiki kwa ajili ya ule ulaini wake: mkono unagusa, bega linaegemea, mguu unakanyaga, goti linakandamiza, na kisu kinatoa mlio wenye mwendo wa ngoma. Ding anaeleza kwamba mpishi wa kawaida hubadili kisu kila mwezi kwa sababu anakatakata, mpishi mzuri kila mwaka kwa sababu anakata, lakini kisu chake yeye kina miaka 19, kimepasua maelfu ya ng'ombe, na makali ni kama kimetoka kwenye kinoo sasa hivi. Viungo vina nafasi katikati yake, anasema, na makali ya kisu hayana unene.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoipoteza maana. Ding anaendelea: kila anapofika penye fundo, pale mifupa na mishipa inapokutana, anaona ugumu wake na kuingiwa na tahadhari. Macho yanatulia, mwendo unapungua, kisu kinasogea kidogo sana, na ghafla nyama inaachia kama bonge la udongo linaloanguka chini. Anasimama na kisu mkononi, anatazama huku na huku, ameridhika, anakifuta kisu na kukihifadhi. Fundo lipo, na hajifanyi halipo. Hakulipita kando. Ng'ombe amepasuliwa mwishoni, kazi yote imekwisha. Hicho ndicho kutotenda kinachomfaa mtu mwenye kazi na mwenye madai: kujua ugumu ulipo, kupunguza mwendo pale, kutopiga mifupa kwa hasira ukaharibu kisu. Madai ya malimbikizo yana mafundo yake, na ninyi mlio ndani mnayajua kuliko mimi: nani ana saini, kumbukumbu zipi zinakosekana, lini bajeti hufungwa.

Kuhusu kukaa kimya kama njia ya usalama, Zhuangzi ana kisa katika sura ya 20. Anapita mlimani na wanafunzi wake, anaona mti mkubwa ambao wakata miti wameuacha kwa sababu haufai kitu. Jioni wanafika kwa rafiki, anayeagiza bata bukini achinjwe kwa ajili ya wageni. Mtumishi anauliza: mmoja anaweza kulia na mwingine hawezi, nichinje yupi? Mwenyeji anajibu: asiyeweza kulia. Kesho yake wanafunzi wanamuuliza mwalimu, mti uliokoka kwa kutofaa na bata akafa kwa kutofaa, wewe utasimama upande gani? Anacheka, anasema angesimama katikati, kisha papo hapo anakiri kwamba hata katikati hapaondoi matatizo. Mwambie mwenzako kisa cha bata yule.

Kuna jambo moja hukuliuliza, ila barua yako imelisogelea pale uliposema unaogopa falsafa hii "inakausha moyo". Katika sura ya 18 mke wa Zhuangzi anafariki. Rafiki yake Hui Shi anakuja kutoa pole, anamkuta ameketi kanyoosha miguu, anapiga beseni na kuimba. Hui Shi anashangaa: umeishi naye, amekulelea watoto, amezeeka, na sasa unaimba? Zhuangzi anajibu kwamba alipofariki tu, angewezaje kutoumia? Aliumia. Ndipo akatafakari alikotoka kabla hajazaliwa, mabadiliko yanayofuatana kama majira, akaacha kulia. Nilipomzika mama yangu nilizisoma tena kurasa hizo usiku, watu wa matanga wakiwa wamelala, na kilichonishika ni lile jibu la kwanza. Kitabu hakimnyimi mfiwa haki yake. Na ukitaka ushahidi zaidi, fungua sura ya 24. Hui Shi naye amekufa, Zhuangzi anapita kaburini kwake, na mtu huyu aliyeweza kuimba anawaambia waliofuatana naye kwamba tangu rafiki yule aondoke, hana tena mtu wa kuzungumza naye. Walikuwa wamebishana maisha yao yote. Moyo uliokauka hausemi hivyo.

Sasa mpangilio. Iache kwanza sura ya kwanza ya Laozi, ile ya Dao isiyotamkika. Inawakatisha watu tamaa, au inawalevya, na yote mawili ni mabaya kwa msomaji mpya. Anza na Zhuangzi sura ya 3 na ya 5, ambazo ni fupi. Kisha rudi kwa Laozi usome 53, 75, 57, 17, 30 na 31, kwa mpangilio huo. Baadaye 8, 11 na 78, zile za maji na za nafasi tupu ulizokwisha kuzipenda; utazikuta zina uzito mwingine. Tafuta tafsiri mbili ulinganishe, na upendelee ile yenye maelezo chini ya ukurasa.

Sura ya 3 na ya 65 za Laozi usizisome peke yako. Zisome na mwenzako huyo, yeye ashike upande wa mashtaka na wewe upande wa utetezi, kisha mbadilishane. Mkikwama, niandikie hoja yake kwa maneno yake mwenyewe, usiilainishe.